Kwa Florence

Juzi nilikuwa saluni hapa Nairobi nikisubiri zamu yangu, dada mmoja akawasha kiberiti kuchoma ncha za rasta za mteja. Basi. Harufu ilipopanda tu, mimi niliyeingia pale na domo langu kama kawaida nikanyamaza, hadi msusi akaniuliza, "Siz, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimerudi Najma, mjini Doha, Ijumaa mchana, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti ya Anti Florence, nami nikiwaza jinsi ya kumwondoa katika maisha yetu.

Tusidanganyane, nywele za kuunga zikiungua hazinukii vizuri. Ni plastiki na mafuta ya nazi, na kidogo cha nywele zako mwenyewe. Lakini wale wa rika langu mliolelewa mbali na kwenu mnajua kwamba nyumbani si lazima kunukie vizuri. Kwangu mimi nyumbani kulinukia hivyo, pamoja na vumbi la kiyoyozi na biriani ya mkahawa wa chini.

Tulikuwa wanne. Baba alikuwa Mtaita wa Wundanyi, fundi wa kompyuta katika kampuni moja pale mjini. Mama alikuwa nesi, mzaliwa wa Nairobi, mwenye mdomo wa Nairobi. Halafu mimi, darasa la tano, na mdogo wangu Tito, ambaye wakati huo kazi yake ilikuwa kula na kuuliza maswali ya kijinga. Tulikaa juu ya duka la mapazia, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kuta zake zilikuwa nyembamba. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Anti Florence na wanawake wengine wawili waliochangia kodi.

Anti Florence hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa Mkenya, na Doha hiyo ilitosha. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja kule The Pearl, akirudi jioni na basi la kampuni, viatu vya kisigino mkononi na ndara miguuni. Alikuwa mrembo, hilo sikatai hata leo. Alikuwa na kicheko ambacho ungekisikia ukiwa ngazini, na Baba alimwita "shemeji," naye alimwita Baba "shemeji" vilevile. Ijumaa tukitoka misa kule Abu Hamour, maana Jumapili yetu ilikuwa Ijumaa, alinisuka. Alinikalisha sakafuni, akanivuta kichwa nyuma, na nikilia akasema, "Vumilia, mrembo. Urembo una machozi yake."

Nilimpenda sana. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya.

Mwaka ule nyumbani kukawa hakukaliki. Sijui niseme nini kingine. Watu wazima walikuwa hawatulii. Mama alitoka zamu ya usiku na badala ya kulala akaanza kupanga kabati ambalo alilipanga jana yake. Baba alikula akiwa amesimama. Mtu akianza sentensi, mwingine aliingia chumbani, sentensi ikaachwa mezani pamoja na vikombe. Hata Tito alianza kukojoa kitandani tena, na yeye hakuwa anaelewa chochote. Nilihisi kuna jambo linakuja. Sikujua linatokea upande gani, kwa hiyo nikawa naangalia pande zote.

Halafu siku moja Baba akatangaza, tena kwa sauti ya kusoma taarifa, "Shule zikifungwa, tunaenda Italia."

Tito akauliza kama Italia iko karibu na duka kubwa lenye bembea. Mimi nikaruka juu ya kiti. Tulikuwa hatujawahi kwenda popote ila Kenya, na Kenya haihesabiwi kama safari. Kenya unakwenda na masanduku ya zawadi na unarudi umekonda. Mama, aliyekuwa Mkatoliki wa kufa na kupona, alitaka Roma. Baba alitaka gari. Hakutaka mji wowote, alitaka gari la kukodi lenye gia za mkono, na milima, na kona. Alikuwa amechoka kuendesha katika nchi ambayo barabara yake imelala chini tangu asubuhi hadi jioni. "Nataka kupanda mlima kama wa kwenda kwetu," alisema, mkono wake ukibadilisha gia hewani. "Gia ya pili, kona, gia ya tatu, unaona bonde lote lile."

"Na mimi nataka treni," Mama akasema. "Nikae, nitazame dirishani, mtu mwingine aendeshe. Nimechoka kusukuma watu kwenye vitanda."

Kwa hiyo ikakubaliwa itakuwa treni na gari. Mimi treni sikuwahi kuiona. Siku hizo treni za Doha zilikuwa bado mashimo barabarani na vibao vya kukuzungusha. Baba, aliyekulia na shangazi yake Voi karibu na stesheni, alitufundisha mlio wa treni ya zamani kwa mdomo, akishika mlingoti wa pazia. Ilikuwa furaha ya siku mbili, kisha kutotulia kukarudi, na sasa kulikuwa na pa kukaa: safari yenyewe. Walipanga, wakapangua. Walibadilisha siku, wakabadilisha mji wa kuanzia, wakaanza tena mwanzo. Mama aliweza kusimama katikati ya kuosha vyombo, povu likimtiririka, aseme, "Na tukianzia kule mwisho?" na Baba akafungua kompyuta upya.

Mipango yote hiyo waliifanya chumbani kwao baada ya chakula cha mchana, Ijumaa, sisi tukiambiwa tulale. Nani analala mchana akiwa darasa la tano? Nililala mkekani nimebandika sikio ukutani. Tatizo lilikuwa kiyoyozi. Kilikuwa kizee, kimechomekwa dirishani kwa gundi ya karatasi, na kilipokohoa kilimeza maneno madogo. Maneno makubwa yalipita. Yale madogo niliyajaza mwenyewe.

Ndipo nikamsikia Baba akisema, waziwazi kabisa, "Bila Florence mimi siendi."

Nikaketi.

"Florence ina nini ambayo..." Mama akasema, kiyoyozi kikakohoa, "...haina?"

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Nilisikia vizuri kwamba Mama alisema "ina," hakusema "ana." Lakini kwetu, Mama akimkasirikia mtu alimgeuza kitu. Mwenye nyumba akiongeza kodi alikuwa "hiyo inatuzoea." Msimamizi wake wa zamu alikuwa "kile kitu." Kwa hiyo "ina" haikunipa shaka hata kidogo. Ilinithibitishia. Mama alikuwa amekasirika hadi Anti Florence amekuwa kitu.

"Ni mrembo, wewe mwenyewe umeona picha," Baba akasema. "Yaani unaamka asubuhi, unafungua dirisha, unatazama tu."

"Ghali pia."

"Ghali, ndiyo. Lakini mara moja tu maishani."

Nilimtazama Tito amelala mdomo wazi, nikamwonea huruma, mtoto asiyejua kwamba baba yake anaondoka.

Ijumaa iliyofuata niliwahi ukutani kabla hawajafunga mlango. Safari hii nilisikia mengi, na yote yalikuwa mabaya. Baba: "Florence nalala siku mbili, tatu nikipata nafasi." Kiyoyozi. Baba tena: "Shida ni kwamba Florence huwezi kuingia na gari hivi hivi. Ukiingia bila ruhusa wanakupiga picha, na faini inakufuata hadi nyumbani." Hapo nilichanganyikiwa kidogo, nikawaza ni wale wanawake wawili anaokaa nao ndio wanaopiga picha. Nikawaona katika akili yangu wamejificha nyuma ya mlango na simu zao. Halafu nikamsikia Mama, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akisema jambo lililonikata maini.

"Haya, umeshinda. Khalas. Chukua Florence. Lakini treni nachagua mimi."

Mama yangu! Mwanamke aliyewahi kurudisha samaki sokoni kwa sababu ya jicho lake, alikuwa amemtoa mume wake na kubakiza treni.

Tangu siku hiyo sikutulia tena. Baba akitoka kutupa taka, nilimfuata. Mlango wa Anti Florence ukilia, nilikuwa nimeshafika kwenye tundu la mlango wetu, nimesimama juu ya ndoo. Baba akisema "Habari, shemeji," nilihesabu ni muda gani amekaa ngazini. Darasani mwalimu aliniuliza swali nikajibu "nini?" Alipotuletea chapati Anti Florence, kama alivyofanya kila wiki, nilikataa kula. Jamani, chapati zile! Zilikuwa laini, zenye matabaka membamba kama karatasi ndani. Nilikaa nazitazama zikipoa, nikameza mate, nikajiambia huu ndio uaminifu kwa mama yako.

"Mrembo, mbona umeninunia?" aliniuliza mlangoni.

"Sijanuna."

"Huo mdomo naweza kuuanikia nguo."

Nilitaka kucheka, nikajikaza. Alinigusa shavu nikarudi nyuma hatua moja, na nikaona uso wake umebadilika. Niliumia. Nilifurahi vilevile, kwa nini nidanganye.

Na Mama ndiye aliyenitisha zaidi, maana alianza kufanya mambo ya mtu anayejiandaa. Baiskeli yangu aliipeleka kwa mtoto wa Mfilipino wa ghorofa ya juu, akaniambia imekuwa ndogo. Haikuwa ndogo. Akanifundisha kufua soksi zangu kwa mkono na kutandika kitanda kwa kukunja pembe kama za hospitalini, tena kwa haraka, kana kwamba mtu anatufukuza. "Tena," alisema. "Rudia. Hapa hujakaza." Akaninunulia sweta la kijani kibichi, zito, wakati nje jua lilikuwa linayeyusha lami. Nilipouliza, akasema Italia kuna baridi. Tito akapata la kwake la rangi hiyohiyo. Aliandika majina yetu kwa uzi ndani ya kola, akakosea la Tito, akafumua, akaandika tena.

Mimi nilikuwa na jibu. Mama anatuzoesha kuishi bila Baba. Usiniambie kwamba nilikuwa mjinga. Pale nilipofikia sikuwa mbali sana.

Nilijaribu kumwokoa Baba kwa njia zangu. Nilimwambia Anti Florence anakoroma, nimemsikia kupitia ukutani. Baba akasema, "Ala! Muache mtu alale, kazi ya hoteli si mchezo." Nilimwambia Mama ajipake wanja. Mama akaniuliza kama nina homa. Nilimwomba Mungu misani, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia la kanisa, kwamba viza ikataliwe. Viza ilipotoka, Baba alirudi nyumbani akipiga honi chini hadi mwenye duka la mapazia akatoka nje. Mama alikumbatiana na Anti Florence pale ngazini wakiruka kama wasichana, na nilisimama nyuma yao nikiwatazama nisielewe mama yangu ni mtu wa namna gani.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya safari. Masanduku yalikuwa wazi sebuleni, na Baba alikuwa anasoma kwa sauti masharti ya gari la kukodi, bima hii na bima ile, hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tumerudi misa. Anti Florence aliingia kwetu na taulo begani na mkasi mkononi, Mama akavuta kiti katikati ya sebule.

"Kaa, Anti akukate nywele," Mama akasema bila kunitazama.

"Anisuke?"

"Akukate. Fupi. Zitaota vizuri."

"Fupi vipi?"

Anti Florence akanionyesha na vidole, na kati ya vidole vile hapakuwa na kitu.

Nilikuwa na nywele nyingi mimi. Zilikuwa fahari yangu; hata walimu walizisifu. Nikautazama mkasi, nikamtazama mwanamke yule mrembo na rasta zake hadi kiunoni, na kila kitu kikakaa mahali pake. Hakutosheka na Baba. Alitaka na mimi nibaki kipara, ili Baba akigeuka asione cha kumrudisha. Nikasimama juu ya kiti na kupiga kelele kwa Kiswahili changu chote.

"Sikatwi na mwizi wa baba yangu!"

Tito akaacha kula. Baba akainua macho kwenye kompyuta. "Mwizi wa nani?"

"Wewe!" nikamwambia. "Nimesikia yote. Bila Florence huendi. Florence ni mrembo, ukiamka asubuhi unamtazama. Unalala kwa Florence siku mbili, tatu ukipata nafasi! Na Mama amekubali, amesema chukua Florence!" Machozi yalinitoka, makamasi pia. "Na wanapiga picha ukiingia!"

Halafu Mama akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akakaa juu ya sanduku lililofunguliwa, akashika mbavu. Baba aliweka kompyuta chini polepole, akaegemea friji, mabega yakaanza kumtikisika. Anti Florence alikuwa bado hajaelewa. Alipoelewa, aliketi sakafuni na taulo lake.

"Shemeji!" akasema, akipangusa macho. "Kumbe unalala kwangu na mimi sina habari? Si hata ungebisha hodi!"

"Hatukusema 'kwa'!" Mama alikuwa analia kwa kicheko. "Woi, mtoto huyu! Mtu anasema 'nalala Florence' na wewe unasikia 'kwa Florence'? Hiyo 'kwa' umeitoa wapi?"

"Kiyoyozi kilimeza," nikasema.

Hapo ndipo walipomalizika kabisa. Baba alinishusha kitini, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa, akanionyesha kwenye kompyuta. Ulikuwa mji. Una mto, na daraja lenye maduka juu yake, na paa jekundu kubwa la kanisa. Chini yake pameandikwa Florence kwa Kiingereza, herufi kwa herufi kama jina la Anti. "Ni mji, mama," akasema. Baba aliniita mama akiwa na furaha. "Katikati yake hawataki magari, wana kamera. Ndiyo maana tunafika na treni, tunalala, tukitoka ndipo tunachukua gari."

Nilicheka na mimi. Nilicheka kwa sababu uzito wote ule ulinitoka mara moja, nikajisikia mwepesi, nikamrukia Anti Florence pale sakafuni, akanibusu kila mahali. Chapati moja ya jana ilikuwa kwenye sahani, nikaila palepale, baridi hivyohivyo. Nikarudi mwenyewe kwenye kiti. Nikajifunga taulo shingoni. Sikuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani.

"Lakini sasa," nikauliza, mdomo umejaa, "nywele nakatiwa nini?"

Hakuna aliyecheka.

Nilisikia kiyoyozi cha chumbani. Nilimtazama Baba, naye alikuwa anatazama masharti ya bima. Nilimtazama Mama, naye alikuwa anakunja lile sweta la kijani, anakunja, anakunjua.

Anti Florence alimtazama Mama. "Hamjamwambia?" Mama akainamia sweta. "Dada. Hamjamwambia mtoto?" Akauweka mkasi mezani, juu ya pasi zetu za kusafiria. "Mimi sishiki hiki kitu hadi mmwambie. Haki ya Mungu sishiki."

Nyinyi mliosoma Kenya mlijua tangu sweta. Msichana hapelekwi shule ya bweni kwetu akiwa na nywele. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Doha. Shuleni kwangu wasichana walikuja na mikia ya farasi na vipepeo vya plastiki. Nani angeniambia?

Baba ndiye aliyesema, kwa njia pekee aliyoiweza. Alinisomea safari. "Tunashuka Roma," akasema. "Mama anaona kanisa lake. Treni hadi Florence. Halafu tunachukua gari, tunapanda milima, mimi nawaonyesha kona. Tunafika Venisi, kule kwenye maji. Gari tunaliacha hukohuko. Haturudi nalo, wanaruhusu, unalichukua huku na kuliacha kule."

"Halafu?"

"Halafu mimi narudi Doha."

"Na sisi?"

"Nyinyi mnaenda na Mama Nairobi. Mpaka Voi. Kuna shule nzuri pale, karibu na nyanya yenu. Mama akishawafikisha, atarudi kazini huku." Akafunga kompyuta. "Kampuni imeacha kulipa karo za watoto, mama. Wote, si mimi tu. Tumejaribu. Tumepiga hesabu kila namna."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kule kutotulia. Haikuwa Florence, wala mwanamke yeyote. Walikuwa wanapanga safari na kuipangua ili isifike mwisho wake, kwa sababu mwisho wake walishaujua. Baba aligombania siku mbili za Florence kwa kuwa zilikuwa siku mbili zaidi za kuwa wanne. Haya nayaelewa leo. Siku ile nilielewa jambo moja tu, nikalisema kwa sauti.

"Afadhali ingekuwa Anti Florence."

Na nilimaanisha. Anti Florence ningempiga vita. Ningemwagia maji mlangoni, ningemtafuta hadi The Pearl na kumpigia kelele mbele ya wageni wake wa hoteli. Karo utaipigia kelele wapi?

Mama aliingia jikoni akafungua bomba, akaliacha limwage. Tito akauliza kama Voi kuna bembea. Nilikaa kwenye kiti kile hadi miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyenihimiza. Mwishowe nilimwambia Anti Florence anikate.

Alinikata taratibu, bila utani wake. Nilisikia baridi ya kiyoyozi kichwani mahali ambapo haikuwahi kufika. Nywele zilianguka mapajani na yeye akawa anaziokota kidogo kidogo, hakuziacha sakafuni zikanyagwe.

"Anti," nikasema, "Mama atakapokuwa bado yuko na sisi kule, nani atampikia Baba?"

"Nitampelekea chakula."

"Chapati?"

"Chapati pia."

"Zile laini?"

"Zile laini, mrembo."

Nikafikiri kidogo. "Lakini asilale kwako."

Mkasi ukasimama. Nilisikia pumzi yake nyuma ya shingo yangu, sijui alikuwa anacheka au nini. "Halali," akasema. "Nakuapia. Atalala kwake."

Tulienda. Roma nilikuwa na homa ya joto, nakumbuka tu kwamba Mama alilia kanisani na kwamba nilivaa kofia kila mahali kwa aibu ya kichwa changu. Halafu treni. Haikulia kama ile ya Baba, ilikuwa kimya na ya kasi, na Mama alikaa dirishani kama alivyotaka, mikono mapajani, ila hakuwa anatazama nje. Alikuwa anatutazama sisi. Baba alisimama, akakaa, akasimama, akaenda kusoma kibao cha vituo, akarudi. Mimi nilikuwa na kazi moja, kutafuta neno Florence. Niliogopa kuliona. Baada ya Florence ni gari, na baada ya gari ni yale maji ambapo gari linaachwa.

Treni ikapunguza mwendo. Watu wakaanza kushusha mabegi. Nikabandika uso kwenye kioo na kusoma kibao cha stesheni, kikapita, kikaja kingine, nikasoma tena kuhakikisha. Kiliandikwa Firenze. Vyote viliandikwa Firenze. Hapakuwa na Florence popote.

Sijawahi kufurahi vile. Tulikuwa tumepanda treni isiyo yetu. Mipango yote ile ya Ijumaa, ya kompyuta, ya bima, ilikuwa imeharibika, na sasa hatutaipata Florence, hatutalipata gari, hatutafika Venisi, tutabaki tunazunguka tu hivihivi, wanne.

"Baba!" nikamvuta shati. "Baba, tumepotea!"

Baba akainama, akatazama dirishani pamoja nami. Alikaa hivyo muda mrefu kidogo, shavu lake karibu na kichwa changu kilichonyolewa, kibao kikiwa mbele yetu.

"Hapana, mama," akasema. "Wenyewe ndivyo wanavyoiita. Ni hapahapa, tumefika. Chukua begi lako."